Mkurugenzi Hakamuliwi

Nchi ninayoizungumzia ina jina, ila kamati ya kuidhinisha matumizi ya jina hilo katika maandishi haijatimiza akidi tangu mwaka juzi, kwa hiyo nitaliacha. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwake.

Mimi ni karani wa mapokezi katika Taasisi ya Taifa ya Viumbe na Tiba. Kazi yangu ni kutunza kitabu cha wageni. Sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya wageni vya ofisi nyingine wakati nikisubiri kuhudumiwa, na nilisubiri vya kutosha kuwa mtaalamu. Kitabu chetu kina safu saba: jina, anakotoka, anayekuja kumwona, sababu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na ya saba, iliyoongezwa baada ya semina ya siku tano kuhusu huduma bora. Hiyo inauliza: "Je, umehudumiwa?"

Kwa miaka sita nimeitunza safu hiyo. Wapo wanaoandika "Hapana", na wapo wanaoandika "Nimeambiwa nije Jumatatu". Mara moja mgeni mmoja aliandika "Ndiyo". Baada ya dakika kumi alirudi akaomba kalamu arekebishe. Alikuwa ameulizia choo, akaonyeshwa vizuri kabisa; hakujua kwamba kina kufuli.

Sisemi haya kwa kulaumu. Huenda Jumatatu ni siku nzuri.

*

Nyuma ya Taasisi, kwenye banda la bati, aliishi mbuzi aliyeitwa Tunu. Kwa macho alikuwa mbuzi wa kawaida: mweupe, ana doa jeusi kwenye sikio la kushoto, na ana tabia ya kumtazama mtu kana kwamba waliwahi kusoma shule moja. Lakini maziwa yake yalikuwa na dawa ndani.

Aliyemtengeneza ni Dk. Sikudhani Mlelwa, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimuuliza jambo hilo linawezekanaje, naye, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwanza kuuliza, aliketi akanieleza.

"Bwana Chande, fundi cherehani unamjua?"

"Namjua."

"Basi mwili ni kama fundi. Una kitabu kikubwa cha michoro ya nguo zote unazojua kushona. Sasa kuna watu wamezaliwa ukurasa mmoja umechanika, ule unaoonyesha namna ya kushona kitu kinachogandisha damu. Wakijikata, damu haijui kusimama. Mimi nimenakili ukurasa huo kutoka kwa mtu mwenye kitabu kizima, nikaubandika kwenye kitabu cha mbuzi kabla hajazaliwa, akiwa bado chembe isiyoonekana kwa macho. Nimeubandika pale panaposimamia maziwa. Kila akishona maziwa yake, anatushonea na hiyo yetu. Mimi kazi yangu ni kuichuja na kuisafisha."

"Na huyo mwenye kitabu kizima ni nani?"

"Ni wewe. Umesahau siku niliyokuomba tone la damu?"

Nilikumbuka. Aliniomba mimi kwa sababu nilikuwa karibu na nilikuwa sifanyi kitu. Tangu siku hiyo, nikipita bandani nilimsalimia Tunu. Ilionekana si adabu kumpita hivi hivi.

Aliyemkamua ni Bi Mwasiti, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Mume wake, Mfaume, ni fundi cherehani wa kweli, na ni mmoja wa wale waliozaliwa ukurasa umechanika. Watu walimshangaa: mtu asiyeganda damu anaishije katikati ya sindano na mkasi? Alikuwa akiwajibu, "Sindano naiona ikija. Ninachokiogopa ni meno yangu mwenyewe."

Mfaume aliishi kwa dawa ya kutoka nje, iliyowekwa kwenye jokofu la hospitali. Dawa hiyo iliacha kuja, maana afisa wa kusaini waraka wa kuiagiza alikwenda masomoni na kalamu yake. Zilibaki chupa tatu.

Dawa ya Dk. Mlelwa ilikuwa imekwisha kupimwa, na kibali chake kilibandikwa ukutani. Kilichobaki ni sheria moja tu. Katika nchi hii hakuna kitu cha umma kinachotumika kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi. Tunalo daraja zuri ambalo watu walipita chini yake, ndani ya maji, kwa miaka minne. Tunacho chumba cha maiti ambacho wafu wake wa mwanzo walisubiri nje. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Mwasiti alimkamua Tunu, Dk. Mlelwa alisaini, na maziwa yakamwagwa mferejini mbele yangu nikiwa shahidi. Nadhani hakuna mfereji wenye afya kuliko wetu katika bara zima.

*

Hatimaye barua ilifika: Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mifugo na Masuala Yatakayojitokeza angekuja kuzindua. Kamati ya Maandalizi ilikutana chini ya Bwana Kilumbi, ambaye ni Afisa Itifaki na pia Afisa Utumishi. Mimi niliandika kumbukumbu.

Suala la kwanza lilikuwa chakula, na la pili pia.

"Mgeni rasmi wa ngazi ya waziri hali kuku," alisema Bwana Kilumbi. "Kuku ni wa naibu. Waziri anachinjiwa mbuzi. Na waraka wa manunuzi unasemaje? Kitu kikiwepo ndani ya taasisi, ni marufuku kukitafuta nje. Je, ndani ya taasisi yupo mbuzi?"

Mtunza stoo alifungua daftari lake. "Yupo mmoja. Jike. Mnene."

"Ameandikwa kwa matumizi gani?"

"Hakuna kilichoandikwa. Kwenye matumizi pana nukta nukta."

"Basi tumshukuru Mungu," alisema Bwana Kilumbi, na kamati ikapiga makofi.

Niliinua mkono. Nilisema kwa upole kwamba mbuzi huyo ndiye anayezinduliwa.

Bwana Kilumbi alinitazama kwa subira ya mtu aliyehudhuria semina nyingi. "Bwana Chande, kinachozinduliwa ni mradi. Mradi uko kwenye faili. Faili halichinjwi."

Ilipitishwa bila kupingwa.

Habari zilimfikia Bi Mwasiti kabla sijamaliza kupiga muhuri kumbukumbu. Alikuja mapokezi ameshika kamba ya mbuzi.

"Kaka Chande, ni kweli wanataka kumla?"

"Imepitishwa, dada."

"Mfaume ana chupa tatu. Tatu, kaka. Wakishamla huyu, mimi nitamkamua nani? Nimkamue Kilumbi?"

Mimi ni mtu wa taratibu. Nilirudi kwenye kabati la nyaraka nikasoma, mwaka baada ya mwaka, na siku ya tatu nilikuta nilichokuwa nakitafuta: mtumishi wa umma hataondolewa, kuhamishwa wala kudhuriwa kabla hajasikilizwa na Kamati ya Nidhamu, na Kamati ya Nidhamu haijawahi kukutana. Hakuna kiumbe aliye salama zaidi katika nchi hii.

Nilichukua Fomu ya Ajira. Jina: Tunu. Mahali alipozaliwa: Taasisini. Elimu: amelelewa Taasisini. Kazi za kila siku: kuzalisha dawa. Msimamizi: Dk. S. Mlelwa, ambaye alisaini huku akicheka. Picha ndogo, mwombaji atazame mbele, masikio yote mawili yaonekane. Hakuna mwombaji aliyewahi kutimiza sharti hilo vizuri kama yeye.

Bwana Kilumbi aliisoma fomu juu mpaka chini.

"Huyu ni mbuzi."

"Inawezekana, afisa. Ila sikuona kisanduku kinachouliza hivyo."

Akaisoma tena. Kweli hakikuwepo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kingehitajika.

"Hapa kwenye jamaa walioko kazini umejiandika wewe."

"Ni kwa ukurasa mmoja tu, afisa. Nimeona niseme kweli."

"Unajua serikali inakataza kuajiriana kindugu?"

"Najua. Ndiyo maana nimetamka. Waraka unasema ukitamka, imekwisha."

Aliigeuza fomu nyuma, akaigeuza tena mbele. Nilijua kinachomsumbua. Katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kuona fomu ambayo kila kisanduku kimejazwa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye muhuri.

Jioni ile Tunu alivishwa kitambulisho shingoni. Alikila kidogo pembeni, lakini namba ilisomeka.

*

Siku ya uzinduzi ilikuwa na mahema matatu, kwaya mbili na utepe mwekundu. Mheshimiwa Waziri alifika saa nane kwa shughuli ya saa tatu, jambo lililosifiwa na mshereheshaji kama ishara ya unyenyekevu, maana kwenye uzinduzi wa lile daraja alifika kesho yake.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Kwa muda mrefu damu ya taifa hili imekuwa ikitoka ovyo! Bila mwelekeo! Bila mpango mkakati! Serikali imesema sasa basi! Kuanzia leo, damu itaganda kwa mujibu wa sheria!"

Makofi.

"Wenzetu huko duniani wanatengeneza dawa kwa vijidudu, kwa mimea, kwa vitu visivyoonekana. Sisi tumesema hapana! Sisi tunataka kinachoonekana! Mbuzi anaonekana!"

Makofi tena. Mfaume alikuwa amekaa safu ya nyuma, goti lake la kulia limevimba kama papai. Damu ilikuwa imevujia ndani ya goti wiki ile, na chupa mbili kati ya tatu zilikuwa zimekwenda kuizuia. Alipiga makofi kwa vidole viwili, kwa tahadhari.

Ulipofika wakati wa kukata utepe ilionekana kwamba Tunu ameshaula nusu. Mheshimiwa aliikata nusu iliyobaki, akakitazama kwa makini kile kitambulisho shingoni mwa Tunu.

"Huyu ni nani?"

Bwana Kilumbi alifungua faili. "Mtumishi mpya, Mheshimiwa. Daraja la chini. Hajawahi kuchelewa kazini. Hajawahi kuomba ruhusa ya msiba. Hajawahi kusafiri nje ya nchi."

Waziri alivua miwani. "Kabisa?"

"Kabisa, Mheshimiwa. Hata semina."

"Mtumishi wa namna hii!" alisema Waziri. "Mtumishi wa namna hii mmemficha nyuma, kwenye bati! Halafu tunajiuliza kwa nini nchi haiendelei!" Akageukia vipaza sauti. "Kwa mamlaka niliyopewa, kuanzia saa hii, namteua kuwa Mkurugenzi wa Tiba za Maziwa!"

Kwaya zote mbili ziliimba kwa pamoja nyimbo tofauti. Kisha tulikwenda kula. Mgeni rasmi aliletewa wali kwa maharage. Akauliza mbuzi yuko wapi, akajibiwa kwamba amepandishwa cheo.

*

Kesho yake asubuhi Bi Mwasiti alikwenda bandani na ndoo yake akakuta banda tupu. Mkurugenzi alikuwa amehamia ghorofa ya pili. Alipewa zulia, feni, pazia, na katibu muhtasi aliyekaa mlangoni. Bi Mwasiti alipanda ngazi, na Bwana Kilumbi akamkuta kwenye ukumbi.

"Mama, unakwenda wapi na ndoo?"

"Kukamua."

"Kumkamua nani?"

"Tunu."

"Huku hakuna Tunu. Huku kuna Mkurugenzi. Umeona wapi mkurugenzi anakamuliwa?"

"Jana asubuhi nilimkamua."

"Jana asubuhi alikuwa mtumishi wa chini. Anayekamuliwa ni mtumishi wa chini. Mkurugenzi hakamuliwi, mama. Mkurugenzi anakasimu."

"Akasimu kwa nani?"

"Msaidizi wake. Nafasi hiyo tumeitangaza. Njoo Jumatatu."

Siku ile Mkurugenzi hakukamuliwa, wala iliyofuata. Mbuzi mwenye maziwa asipokamuliwa huumia, na Mkurugenzi aliumia kwa sauti. Alilia toka asubuhi mpaka saa za kufunga ofisi. Katibu muhtasi, ambaye ni mtu makini, aliandika yote. Niliyaona maandishi yake: "Mkurugenzi alisisitiza." Mstari wa chini yake: "Mkurugenzi alisisitiza tena." Kufikia siku ya pili alikuwa amejaza kurasa tisa, na idara nne zilikuwa zimeanza utekelezaji.

Dk. Mlelwa alipanda na kushuka zile ngazi na barua. Alijibiwa kwamba barua zake zimefika mezani kwa Mkurugenzi. Hilo lilikuwa kweli. Mkurugenzi alizila.

*

Siku ya tatu Mfaume alikuwa akila muwa, jino likavunjika.

Bi Mwasiti alikuja mapokezi asubuhi ya siku ya nne. Upindo wa khanga yake ulikuwa na damu ambayo haikuwa yake. Alisimama mbele ya meza yangu na kwa mara ya kwanza niliona mikono yake imekosa la kufanya.

"Chupa ya mwisho imekwisha jana," alisema. "Damu ilisimama, ikaanza upya. Yuko wodini, wamemjaza pamba mdomoni kama mto. Daktari wa kule anasema pamba itatupa siku mbili, tatu kwa bahati."

"Dk. Mlelwa umemwona?"

"Anasema nimpe maziwa leo. Anahitaji siku mbili za kuchuja na kusafisha, chini ya hapo hawezi. Kaka, maziwa yako pale juu. Nayasikia yakilia. Tunayasikia wote!"

Ilikuwa kweli, tuliyasikia. Mkurugenzi alikuwa akisisitiza.

"Dada, nimesoma nyaraka zote za wakurugenzi," nilimwambia. "Hakuna inayoruhusu."

"Mimi sijui nyaraka. Mimi najua kukamua. Ulimwokoa kwa fomu, na fomu hiyo hiyo itamuua Mfaume wangu."

Maneno hayo hayakuwa ya kunitukana. Alikuwa ananieleza kilichotokea, na nilipoyapitia moja moja sikuona lililokosewa. Nilitazama meza yangu nikitafuta pa kuweka macho, na macho yakaangukia kitabu changu, ambacho kwa miaka sita nilikuwa nakitazama bila kukiona. Nilikigeuza kuelekea kwake nikampa kalamu.

"Andika jina."

"Kaka, huu si wakati wa..."

"Andika jina, dada. Safu ya kwanza."

Akaandika.

"Safu ya tatu. Unakuja kumwona nani?"

"Unajua wewe."

"Mimi najua. Kitabu hakijui."

Alinitazama. Kisha akaandika polepole: Mkurugenzi.

"Sababu?"

Alitazama ndoo ndogo aliyoificha ndani ya khanga. Nilimwambia kwamba lipo neno moja ambalo katika miaka sita sijaona afisa yeyote akilihoji, na ambalo wote walioliandika walifunguliwa milango niliyodhani imepigwa misumari. Aliandika: Binafsi.

Alipofika safu ya mwisho kalamu ilisimama. "Hapa niandike nini?"

"Hapo paache," nilisema. "Bado hatujui." Ilikuwa mara ya kwanza kumruhusu mgeni aache nafasi wazi, na ilinisumbua kidogo.

Nilimsindikiza ngazini nikiwa nimebeba kitabu. Bwana Kilumbi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi. Alisoma mstari wenyewe, akatazama khanga ya Bi Mwasiti na uvimbe uliokuwa ndani yake, na uso wake ukabadilika ukawa wa kirafiki.

"Aah," alisema, akishusha sauti. "Binafsi." Akachungulia ukumbi upande huu na upande ule. Akamwambia katibu muhtasi akanywe chai. Kisha akafungua mlango kwa mikono yake mwenyewe. "Ingia, mama, jisikie nyumbani. Nitahakikisha hamsumbuliwi."

Wageni wa binafsi kwa desturi huingia kwa mkurugenzi na kitu na kutoka bila kitu. Bi Mwasiti alifanya kinyume, lakini desturi hutazama anayeingia tu. Anayetoka hana anayemtazama.

Baada ya dakika ishirini ghorofa ya pili ilinyamaza. Katibu muhtasi alirudi kutoka kwenye chai, akasikiliza kwa makini, akaandika: "Mkurugenzi aliridhika."

*

Siku mbili hizo sikumbuki nani mwingine alikuja. Naona kwenye kitabu kwamba walikuja watu thelathini na wanne na kwamba niliwahudumia kama kawaida, maana wote wameandika "Hapana".

Asubuhi ya siku ya tatu Bi Mwasiti aliingia. Alikuwa amebadilisha khanga. Hakunisalimia. Alikuja moja kwa moja kwenye meza, akafunua kitabu kurudi nyuma kurasa mbili, akatafuta kwa kidole mpaka akaupata mstari wake wenye nafasi wazi. Alichukua kalamu akaandika, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mistari yangu: NDIYO.

"Ameomba uji," alisema. "Na anauliza ni nani aliyemshonea Mkurugenzi lile pazia, maana amesikia kwamba pindo limekwenda upande."

Kisha akakaa kwenye benchi la wageni akalia mpaka akatosheka, nami nikaendelea kupiga mistari ya kurasa mpya, kwa sababu sikujua safu ya jambo hilo ni ipi.

Tangu wakati huo Bi Mwasiti ana miadi ya binafsi na Mkurugenzi kila siku asubuhi. Wagonjwa kumi na wawili wa aina ya Mfaume wanakuja kuchukua dawa, nao pia hujaza kitabu changu, na Dk. Mlelwa amenunua miwani mpya. Bwana Kilumbi husema kwamba katika wakurugenzi wote aliowahi kuwafanyia kazi, huyu ndiye anayependwa zaidi na wananchi, na kwamba siri yake ni kuwa mlango wake uko wazi. Msaidizi wa Mkurugenzi bado hajapatikana. Waombaji wote walishindwa kwenye picha.

Limebaki tatizo dogo. Mwisho wa mwezi Makao Makuu walikagua kitabu changu, na wiki iliyopita nililetewa barua. Wanasema wamegundua kasoro kubwa katika safu ya saba, ambamo neno "Ndiyo" linajitokeza mara arobaini na moja. Hali hiyo haijawahi kuonekana katika ofisi yoyote ya umma, na wanataka maelezo ya kina: chanzo chake ni nini, nani anahusika, na hatua gani zimechukuliwa lisienee.

Nimewajibu kwa adabu kwamba barua yao nimeipokea na suala linashughulikiwa. Nimewaomba waje Jumatatu.